Majivu Yasiyomwagiwa Maji

Khandsuren hakuwa na gari la zimamoto. Lililopo ni moja tu, linakaa makao makuu ya wilaya, mwendo wa nusu siku kwa njia ya vumbi, na mara nyingi ukilikuta limefunguliwa injini. Hakuwa na maji. Kisima cha bonde la Shar Hudag ni cha mifugo, na mwanzoni mwa majira ya kuchipua hutoa maji kwa kununa. Hakuwa na sare, ila kizibao cha rangi ya chungwa chenye maandishi mgongoni ambayo jua limeyafuta nusu. Hakuwa na mtandao wa simu popote chini ya kilele cha kilima. Hakuwa na ruhusa ya kumtoza mtu faini. Na kwa misimu mitatu alikosa kitu kingine kisichouzwa dukani: salamu ya kaka yake.

Alfajiri hii, kabla jua halijatoka, mwanamke huyu wa miaka hamsini na saba, mlinzi wa moto wa bonde, anaegesha pikipiki yake juu ya kilima, anatoa kitambaa chekundu ndani ya joho lake na kukifunga kwenye mlingoti. Upepo bado mdogo, lakini kitambaa kimeshaanza kupigapiga. Redio ya jana jioni ilisema adhuhuri haitafika kabla haujawa mkali.

Anachuchumaa, anaweka darubini machoni na kuanza kutafuta moshi.

“Hapa kila mwenye kondoo ana darubini,” anasema. “Wanaangalia mifugo, wanaangalia mgeni anatoka wapi, wanaangalia jirani kachinja au hakuchinja. Nikasema basi, na mimi waniangalie.”

Kitambaa chekundu kina maana moja bonde zima: pikeni sasa hivi, jazeni chupa za chai, jiko lizimike lenyewe kabla upepo haujaamka, na majivu yasitoke nje leo. Mahema kumi na moja yametawanyika huko chini kwenye nyika ya manjano, na moja baada ya nyingine dohani zake zinaanza kutoa moshi.

“Yule wa karibu na kisima bado amelala,” anasema bila kuondoa darubini. “Jana alikuwa na wageni. Huyo nitampitia, nimwamshe na kichwa chake kinachouma.”

Hema la kumi na moja limekaa peke yake juu kabisa ya bonde, upande wa kaskazini magharibi. Upepo wa msimu huu hutoka huko. Cheche ikiponyoka pale, familia kumi na mifugo yao wako njiani mwake. Hilo ni hema la Lhamjav, kaka yake Khandsuren wa baba mmoja mama mmoja.

Ukipita bondeni wakati huu unaweza kudhani hakuna cha kuungua. Hakuna miti. Kuna nyasi za mwaka jana tu, zimekauka, zinafika gotini, na zikisuguana hutoa sauti kama karatasi. Lakini kondoo wanazaa sasa, na mvua ni ya mwezi wa sita. Nyasi hizo kavu ndizo maziwa ya wana-kondoo wote wa Shar Hudag. Miaka mitano iliyopita bonde la jirani liliungua kati ya chai ya asubuhi na ya jioni. Hakufa mtu. Wiki mbili baadaye kondoo walianza kudondoka kwa njaa, na familia nne zikahamia mjini, ambako mpaka leo wanaume wao wanabeba mizigo sokoni.

Khandsuren alikuwepo siku ile, na koleo mkononi kama wengine. Kazi yake ya zamani ilikuwa kuchochea tanuri la shule ya wilaya, lile lililopasha joto mabweni. Alizoa majivu yake kwa miaka ishirini na mbili, hadi shule ilipoletewa tanuri jipya lisilohitaji mtu. Wilaya ilipotangaza inatafuta mlinzi wa moto kwa kila bonde, wanaume wa Shar Hudag waliuliza mshahara, wakaambiwa tugrik, fedha ya huku, laki tatu kwa mwezi, tena kwa miezi ya upepo tu. Wakacheka wakarudi kwa kondoo wao.

“Nusu inakunywa pikipiki,” anasema. “Nusu nyingine nakunywa mimi, chai.”

Mumewe alifariki zamani na binti yake anafundisha mkoani. Aliichukua kazi hiyo, anasema, kwa sababu majivu ndiyo kitu pekee anachokijua kuliko jirani zake.

“Watu wanaogopa moto unaowaka. Unaowaka unauona, unajua ulipo. Mimi naogopa ule uliojifanya umelala.”

Huku jiko huchochewa kwa kinyesi kikavu. Cha ng'ombe huisha upesi. Kile kinachokatwa kama matofali kutoka sakafu ya zizi la kondoo ni kikali zaidi, na makaa yake hukaa hai ndani ya majivu hadi siku ya pili. Juu unaona vumbi la kijivu, baridi. Upepo ukilipekua, chini kuna jicho jekundu. Mama wa nyumbani anamwaga ndoo ya majivu asubuhi, na alasiri nyika inawaka. Moto mwingi wa msimu huu huanza hivyo, wala si kwa ubaya wa mtu.

Dawa inayofikiriwa kwanza ni maji, na ndiyo aliyofundishwa Khandsuren kwenye semina ya siku mbili mkoani. Alirudi na mabango ya kugawa, yamechorwa mkono unaomimina ndoo, chini yake maneno: Mwagia maji majivu yako. Aliyagawa yote. Hakuna aliyeyakataa, na hakuna aliyeyafuata.

Sababu kila mtu alikuwa anaijua, hata yeye. Mfugaji wa huku hamwagii maji moto wa jiko lake. Moto hupewa kipande cha kwanza cha mafuta na tone la kwanza la pombe. Takataka haitupwi ndani yake, na majivu yake hayakanyagwi. Kuumwagia maji ni kumtemea mate usoni aliyeuwasha, na aliyeurithisha.

“Bango lenyewe lilikuwa zuri,” anasema Tsevelmaa, mke wa Lhamjav, mwanamke mnene mwenye maneno mengi. “Karatasi nene. Nimefungia jibini langu kavu, mpaka leo halijapata unyevu.”

Hapo ndipo yalipotokea ya misimu mitatu iliyopita. Khandsuren alikuwa akipita kwa kaka yake upepo ukiwa umeshapanda. Lhamjav alikuwa malishoni. Nyuma ya hema rundo la majivu lilikuwa linafuka, na cheche zilikuwa zinaruka kimo cha mtu kuelekea kwenye nyasi. Alichukua ndoo iliyokuwa mlangoni akaimwaga yote. Kisha akachukua ya pili.

“Mimi nilikuwa nakanda unga,” anaeleza Tsevelmaa. “Nikasikia jivu linalia chaaa, kama paka. Nikatoka. Wifi yangu kasimama na ndoo tupu, na majivu yamekuwa tope jeusi. Nikamwambia, wifi, leo umetumaliza. Akaniambia, wifi, leo nimewaponya. Sote tulikuwa tunasema kweli, ndiyo taabu yake.”

Lhamjav aliporudi aliliangalia tope lile. Moto wa hema hilo haukuwa wa kibiriti. Alipooa aliuhamisha kutoka jiko la baba yao, makaa matatu ndani ya sufuria, na kwake yeye hata majivu yake yalikuwa moto uleule. Alisema sentensi moja: “Umeuzima moto wa baba.” Mwezi huo huo farasi wake jike, aliyekuwa na mimba, alivunjika mguu kwenye shimo la panya buku, na mtu akishaumia namna hiyo huunganisha mambo.

Tangu hapo Khandsuren aliendelea kufika pale kila mara kabla ya upepo, kwa kuwa kazi ilimtaka. Huku ukikaribia hema la mtu unapaza sauti, “Shikeni mbwa,” hata kama mbwa mwenyewe amelala. Mbwa wa Lhamjav alimjua shangazi huyu tangu ni mtoto wa mbwa na alikuwa akimkimbilia kwa furaha. Hata hivyo Lhamjav alitoka kila mara na kumshika kola kwa mikono miwili. Aliyeshika mbwa kwa mikono miwili hana mkono wa kumpa mgeni.

Basi Khandsuren akawa anazungumza na mbwa.

“Mbwa wee, mwambie mwenye hema kesho kuna upepo.”

“Mbwa,” Lhamjav akawa anajibu, “mwambie huyo mwanamke nina pua.”

“Mwambie pua haioni makaa.”

“Mwambie pua inamwona yeye tangu kilimani, ananuka petroli.”

Tsevelmaa anasema alikuwa anajifungia ndani kucheka. “Misimu mitatu, mbwa anakuwa mkalimani. Mwisho nikamwonea huruma mbwa.”

Majivu yenyewe Lhamjav aliyamwaga palepale pa zamani, ila siku za kitambaa chekundu alijizuia. Hakukiri kwamba anakiangalia. Alisema ni jiko tu limekosa haja ya kusafishwa. Khandsuren aliliona hilo kwa darubini na hakulitaja. Lakini alijua siku itakuja ambayo jiko litakuwa na haja, na upepo utakuwepo.

Ilikuja mwezi uliopita. Upepo wa kwanza wa msimu ulileta baridi kali nyuma yake, na usiku huo kondoo wa Lhamjav walizaa kwa wingi. Kulipokucha, ndani ya hema kulikuwa na wana-kondoo kumi na tisa wamelazwa kuzunguka jiko, wengine bado wamelowa. Kuzima moto kulikuwa na maana ya kuwapoteza wote. Walikuwa wamechochea usiku kucha kwa matofali ya zizi, makali yale, hadi jiko likajaa majivu na kukataa kuvuta hewa. Moshi ukaanza kurudi ndani. Ama majivu yatoke, ama moto ufe na wana-kondoo wafe nao.

Kutoka kilimani Khandsuren aliona dohani ya kaka yake bado inafuka wakati zingine kumi zimetulia. Kisha akaona moshi unatokea mlangoni. Alipanda pikipiki. Njiani upepo ulimwangusha mara moja. Nyuma ya kiti alikuwa amefunga dumu la maji, kama ilivyotakiwa kikazi. Alipofika mahali ambapo hema linaonekana vizuri, alisimama, akafungua kamba ya dumu lile, akalilaza pembeni mwa njia, akaendelea bila hilo.

Alimkuta Lhamjav amesimama upande wa hema usio na upepo, ndoo ya majivu mkononi, kofia imeshaondoka kichwani. Ndoo ilikuwa inang'aa ndani kila upepo ulipokata kona. Mbwa alikuwa ndani, na mikono ya Lhamjav ilikuwa na kazi nyingine.

“Sikuja na maji,” Khandsuren alisema.

Lhamjav alimwangalia. “Najua. Nilikuona ukiliacha.”

Ndiyo maneno ya kwanza aliyomwambia moja kwa moja baada ya misimu mitatu. Hakuna aliyeyasherehekea. Ndoo ilikuwa inamchoma vidole.

“Unakumbuka mama alivyokuwa anaulaza moto usiku?” Khandsuren aliuliza. “Tukikaribia kulala?”

“Anaufunika.”

“Hakuuzima hata siku moja. Anaufunika jivu, anausindilia, anaubandikia bati. Unalala mpaka asubuhi.”

“Ule ulikuwa jikoni. Huku nje nitaufunika na nini, kofia? Kofia yenyewe imekwenda.”

Khandsuren alisema udongo. Lhamjav akamwambia udongo upepo huu utaubeba kama unga. Alikuwa anasema kweli. Wakasimama hapo, ndoo kati yao, Tsevelmaa anakohoa ndani. Halafu Lhamjav akageuza kichwa kuangalia lori.

Lori hilo lilikuwa la ushirika, na baba yao alikuwa dereva wake. Ushirika ulipovunjika alilichukua badala ya malipo, akaliendesha hadi lilipogoma, na limekaa nyuma ya zizi la Lhamjav tangu mzee afariki. Injini imeshauzwa, matairi yameshauzwa. Wanunuzi wa vyuma chakavu wamekuja mara nyingi, na Lhamjav amewapa chai na kuwarudisha. Boneti lake ni pana, zito, bado lina rangi ya kijani upande wa chini.

“Lete sururu,” alisema.

Udongo ulikuwa bado umeganda chini. Alichimba yeye, dada yake akizoa, na hawakuweza kwenda zaidi ya shubiri moja na nusu. Ilitosha. Walipanga mawe ukingoni, wakaling'oa boneti na kulileta wote wawili, upepo ukitaka kuwanyang'anya. Tsevelmaa aliyekuja kusaidia akalikalia ili lisiruke. “Unene wangu leo una kazi,” alisema. Majivu yakaingia shimoni, juu yake vipande vya udongo ulioganda, juu yake boneti, juu ya boneti mawe.

Walisikia chini yake sauti ndogo ya kufoka, kama birika linaloanza kuchemka. Vipande vya udongo vilikuwa vinayeyuka.

Lhamjav aliinua kichwa. “Sauti gani hiyo?”

“Barafu ya kwenye udongo,” mke wake alisema. “Imo humohumo. Hakuna mtu aliyemwaga kitu, mume wangu. Twende ndani.”

Alifikiri kidogo, akakubali kwamba hakuna aliyemwaga kitu.

Ndoo zilitoka nyingine nne kabla ya giza. Jiko likavuta. Upepo ulivuma hadi usiku, ukang'oa choo cha jirani na kukipeleka kusikojulikana. Wana-kondoo wawili walikufa, kwa udhaifu wao wenyewe. Kumi na saba wapo na sasa wanarukaruka. Bondeni hakikuungua kitu. Kwenye taarifa yake ya mwezi kwa wilaya Khandsuren aliandika hivyohivyo: hakikuungua kitu. Habari kama hiyo haiandikwi gazetini, na ndiyo sababu ameombwa aieleze hapa.

Wiki iliyofuata jirani mmoja alikuja kuliangalia boneti, akatazama chini yake, akaondoka. Kesho yake alikuwa amechimba shimo na kulifunika kwa mlango wa jokofu. Mwingine akatumia karai la kuogeshea kondoo. Leo mahema tisa kati ya kumi na moja yana shimo na mfuniko, na mawili yaliyobaki hayana chuma cha kutosha.

“Sikuwafundisha mimi,” Khandsuren anasema. “Waliona kwa Lhamjav. Kwangu wangeona bango.”

Anachotaka sasa ni kidogo na kinaeleweka. Anataka mabango ya mwaka ujao yabadilishwe picha: badala ya mkono wenye ndoo, shimo na mfuniko. Maji wabaki nayo wale ambao hayawaudhi. Na anataka mabonde mengine ya wilaya yapewe mabati mazito, kwa sababu si kila mtu aliachiwa lori na baba yake. Ofisa wa moto wa mkoa amemwambia kwa simu kwamba yeye binafsi hana pingamizi, ila jambo kama hilo liletwe kwa maandishi na litiwe saini na wafugaji wenyewe.

Alasiri ya siku hii ya kitambaa chekundu, upepo ukiwa umeanza kuchoka, barua inaandikwa ndani ya hema la Lhamjav. Jiko ni baridi. Chai inatoka kwenye chupa. Khandsuren anaandika, kaka yake amekaa mahali pake upande wa ndani, anasikiliza kila neno kama mtu anayenunua farasi.

“‘Tunaomba kwa unyenyekevu mkubwa,’” Khandsuren anasoma.

“Toa hiyo.”

“Barua za ofisini zinaanza hivyo, kaka.”

“Unaomba bati, huombi mke. Andika ‘tunaomba.’”

“Basi niweke ‘tunaomba kwa heshima.’”

“Heshima weka.”

Tsevelmaa anauliza kama wanaweza kuongeza kwamba karatasi ya mabango ibaki na unene uleule. Khandsuren anaendelea kuandika.

Saini zingine zilikusanywa mapema hema kwa hema, sehemu ya chini ya karatasi hiyohiyo. Khandsuren ameacha nafasi juu ya saini hizo, chini ya maandishi. Lhamjav anaichukua kalamu, anaandika jina lake polepole, kisha jina la baba yao mbele yake, kama desturi inavyotaka, na anamrudishia dada yake. Yeye anaandika lake chini. Jina la baba ni lilelile, na linasomeka mara mbili, moja juu ya lingine.

Nje Ulzii, dereva wa gari la abiria linalokwenda mkoani, ameshapiga honi. Bahasha haina gundi. Tsevelmaa anakoroga unga kwa chai vuguvugu kwenye kifuniko cha chupa, anapaka ukingo kwa kidole, na Lhamjav anaukandamiza kwa dole gumba mpaka ushike. Anapoondoa mkono, kwenye karatasi nyeupe imebaki alama ya dole, nyeusi kwa masizi ya jikoni.

“Umeichafua, kaka,” Khandsuren anasema. “Inakwenda mkoani hiyo.”

Lhamjav anaigeuza bahasha, anaiangalia kwenye mwanga wa mlango.

“Iache hivyohivyo,” anasema. “Wakiudhika waoshe. Wao huko wana maji.”

Anatoka mwenyewe kuipeleka. Mbwa anamkimbilia, na Lhamjav anampita bila kumshika. Ulzii anaipokea dirishani, anaichomeka juu ya kioo pamoja na miwani yake, na gari linaondoka kuelekea mkoani, upepo ukilisukuma kwa nyuma.